Kalamu Kama Mwalimu: Funzo la Kihispania cha Vyuoni kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hukaririwa sana katika shule za Kenya, aghalabu kumsifu mja aliyefaulu baada ya kutaabika. Ni nadra kuhusishwa na lugha yenyewe. Msomaji wa makala yaliyopangika huyaona yakielea tu; hazioni mbao zilizochongwa zikatupwa, wala misumari iliyopinda njiani. Labda ndiyo maana wengi huamini kuwa mtu hujifunza lugha kwanza, akaimaliza, kisha akaanza kuiandikia. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo una kasoro. Kuandika, na hasa kuandika upya baada ya kusahihishwa, ni mojawapo ya njia kuu ambazo kwazo lugha hujifunzwa. Ushahidi wa hoja hii utachotwa mbali kidogo na nyumbani, katika darasa ambalo wapenzi wa Kiswahili hawalizungumzii sana: darasa la uandishi wa Kihispania katika vyuo vya Marekani.

Daraja juu ya mto

Miongoni mwa lugha zisizo Kiingereza, Kihispania ndicho kinachosomwa na wanafunzi wengi zaidi katika vyuo vya Marekani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2021 na MLA, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha nchi hiyo, ulihesabu zaidi ya wanafunzi 580,000 waliosajiliwa katika kozi za Kihispania. Idadi hiyo ilikuwa imeshuka kutoka ile ya 2016 iliyozidi 700,000, lakini hakuna lugha nyingine iliyoikaribia.

Safari ya mwanafunzi huyo huwa na vituo vinavyojulikana. Mihula ya mwanzo huwa ya msamiati wa sokoni na hotelini, mazungumzo mafupi, na majedwali ya vitenzi. Mihula ya mwisho huwa ya fasihi: Cervantes, Sor Juana Inés de la Cruz, Borges, García Márquez. Kati ya kingo hizi mbili pana mto mpana. Anayejua kuagiza chakula hajui bado kuijadili riwaya, na majedwali ya vitenzi hayawezi kumvusha. Daraja lililojengwa hapo ni kozi ya uandishi, ambayo kwa kawaida huja katika mwaka wa pili au wa tatu.

Juma la kwanza la kozi hiyo huwa na fedheha yake. Mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa ulimi mwepesi hutakiwa kuandika kurasa mbili kuhusu nyumba aliyolelewa. Hapo ulimi hugeuka jiwe. Katika mazungumzo alikuwa na wasaidizi wengi: mikono, uso, tabasamu la msikilizaji, na neno la Kiingereza lililochomekwa palipokosekana jingine. Ukurasa hauna huruma hizo. Kila alichokificha katika mazungumzo hujitokeza, na hubaki pale pale kikimtazama.

Sarufi inapogeuka uamuzi

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachotokea baadaye. Kihispania kina njeo mbili sahili za wakati uliopita ambazo Kiingereza hakizitenganishi waziwazi. *Mi abuela cocinó* maana yake nyanya alipika, tendo likakamilika. *Mi abuela cocinaba* maana yake nyanya alikuwa akipika, au alizoea kupika. Katika zoezi la kujaza mapengo, mwanafunzi hupata alama zote, kwa kuwa kitabu kimemwekea kidokezo: jana, au kila Jumapili. Katika insha hakuna kidokezo. Ni yeye anayepaswa kuamua lipi ni mandhari ya kisa na lipi ni tukio. Mwanafunzi wa rasimu ya kwanza huandika kila kitenzi kwa njeo moja, na kisa chake huwa orodha: niliishi, tulikula, nyanya alipika, nyanya aliugua, tulihama.

Mhadhiri mwenye busara hamwandikii jibu. Hupiga mstari chini ya kitenzi, akatia alama fupi pembeni inayomaanisha “tazama njeo”, kisha akairudisha karatasi. Sasa mwanafunzi hana budi kujiuliza swali ambalo hakuna jedwali lililowahi kumwuliza: ni wapi hasa kisa changu kinapoanza kusogea? Rasimu ya pili hurudi na moshi uliokuwa ukifuka jikoni, watoto waliokuwa wakigombania ukoko, nyanya aliyezoea kuimba akichochea, kisha siku moja nyanya akaugua. Kanuni ni ile ile iliyofundishwa muhula wa kwanza. Wakati ule aliikariri. Safari hii imekuwa yake, kwa sababu ameihitaji ili aseme jambo analolijali.

Mwanafunzi wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwani anaijua tofauti ya “mvua ilikuwa ikinyesha” na “mvua ikanyesha”. Atatabasamu pia akikutana na dhamira tegemezi, ambayo huwatoa jasho wanafunzi wa Marekani. Kihispania husema *quiero que lea*, na Kiswahili husema “nataka asome”. Lugha zote mbili hubadilisha umbo la kitenzi kikuonyesha tendo linalotakiwa na halijatendeka. Kiingereza hutumia kitenzi-jina hapo, na kwa hivyo mwanafunzi wa Chicago hulazimika kujenga ndani ya akili chumba ambacho mwenzake wa Eldoret alizaliwa nacho. Vivyo hivyo kwa nafsi iliyoshikamana na kitenzi, *canto*, “ninaimba”. Kwa mtendwa anayetangulia mzizi, *te quiero*, “nakupenda”. Na kwa upatanisho wa wingi unaoenea hadi kwenye kivumishi kinachofuata nomino, *los libros nuevos*, “vitabu vipya”. Ni hasara iliyoje kwamba Mkenya anayejifunza Kihispania huelekezwa karibu kila mara kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, ilhali daraja fupi zaidi liko kinywani mwake!

Hata tahajia, ambayo wengi huidharau, huanza kuheshimiwa pale maana inapoharibika. *Hablo* ni “ninasema”. *Habló*, kwa alama moja juu ya irabu, ni “alisema”. *Papá* ni baba mzazi, *papa* ni kiazi. Mwanafunzi anayetaka kuandika kwamba ana miaka ishirini akasahau kiwimbi kilicho juu ya ñ katika *años*, huwa ametangaza kuwa ana ishirini ya kiungo kisichotajwa mbele ya wakwe. Kosa la namna hiyo hutendwa mara moja tu maishani.

Kwa nini kalamu

Wataalamu wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980, Stephen Krashen alisisitiza kuwa lugha hupatikana kwa kupokea: mwanafunzi akisikia na kusoma kwa wingi lugha anayoielewa na inayomzidi kidogo, mengine yatakuja yenyewe. Mwaka 1985, Merrill Swain alileta pingamizi kutoka Kanada. Huko watoto wanaozungumza Kiingereza walikuwa wakifundishwa masomo yao kwa Kifaransa miaka nenda miaka rudi. Walikipokea Kifaransa kwa wingi na kukielewa vyema, lakini walipozungumza na kuandika, sarufi yao ilichechemea. Swain alieleza kwamba msikilizaji anaweza kuelewa kwa kushika maneno machache na kukisia yaliyosalia. Anayetoa kauli hana nafasi hiyo: ni lazima ayapange maneno, ayapatanishe, achague njeo. Kutoa ndiko kunakomfunulia mtu asichokijua.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1977, Janet Emig alikuwa ametoa hoja kwamba kuandika ni njia ya pekee ya kujifunza, kwa kuwa kunaunganisha mkono, jicho na akili, na huacha nyuma kitu kinachoweza kurudiwa na kuchunguzwa. Maneno yasemwayo hupeperuka. Yaliyoandikwa hubaki yakisubiri kurekebishwa, na muda huo wa kusubiri ndio zawadi ya kozi ya uandishi. Mwanafunzi aliyenaswa na neno katika mazungumzo huliacha akapita. Aliyenaswa kwenye ukurasa anaweza kuamka usiku wa manane akiwa amelipata.

Warithi wa lugha

Kuna kundi jingine katika darasa hilo, na ndilo linalopaswa kuwagusa zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki. Zaidi ya watu milioni 40 nchini Marekani huzungumza Kihispania majumbani mwao. Watoto wao hufika chuoni wakijua kutania, kubembeleza na kuomboleza kwa Kihispania, lakini hawajawahi kukiandika. Wasomi, akiwemo Guadalupe Valdés, wamewaita warithi wa lugha, na tangu miaka ya 1970 vyuo vingi vimewaandalia kozi zao mahususi.

Makosa yao si ya mgeni. Mgeni hukosea njeo. Mrithi hukosea herufi. Kwa kuwa *h* haitamkwi katika Kihispania, huandika *asta* badala ya *hasta*. Kwa kuwa *b* na *v* hutamkwa sawa, huchanganya *tubo*, yaani bomba, na *tuvo*, yaani alikuwa na. Huandika *haiga*, kama alivyosikia kwa bibi yake kijijini, palipotakiwa *haya*. Mhadhiri wa Kiswahili aliyesahihisha “apa” badala ya “hapa”, na “kula” palipokusudiwa “kura”, hatahitaji mkalimani kuyaelewa hayo.

Swali zito ni namna ya kumwelekeza mwanafunzi huyu. Historia ina majibu ya kusikitisha. Gloria Anzaldúa, aliyezaliwa Texas mwaka 1942, anasimulia katika kitabu chake cha 1987, *Borderlands/La Frontera*, jinsi alivyoadhibiwa shuleni kwa kuzungumza Kihispania wakati wa mapumziko, na jinsi wanafunzi wenye asili ya Meksiko walivyolazimishwa chuoni kusoma kozi za kuwaondolea lafudhi. Mwaka mmoja kabla yake, Ngũgĩ wa Thiong’o alikuwa ameeleza katika *Decolonising the Mind* adhabu za aina hiyo hiyo kwa watoto wa Limuru walionaswa wakizungumza Kikuyu. Bahari mbili zinawatenganisha waandishi hawa. Kiboko ni kimoja. Na kinaya ni kwamba lugha iliyomletea mtoto fimbo shuleni leo humpatia alama chuoni, mradi aiandike.

Kozi nzuri za warithi hazianzi kwa kumwambia mwanafunzi kuwa lugha ya nyumbani kwao ni takataka. Huanza kwa kumtaka aandike simulizi za nyumbani kwa sauti ya nyumbani. Kisha humwonyesha kwamba *haiga* ni umbo la kale ambalo bado li hai vijijini, lina ukoo wake na heshima yake, ila ripoti na barua ya kuomba kazi hutaka *haya*. Anachofundishwa ni sajili: kuwa na mavazi mawili na kujua siku ya kila vazi. Kiswahili kina mifano maridhawa. Mtoto wa Mombasa aandikaye “mato” badala ya “macho” ana nyuma yake lahaja aliyotungia Muyaka, na usanifu wenyewe ulijengwa juu ya Kiunguja kupitia kamati iliyoundwa mwaka 1930. Kijana wa Nairobi aliyekulia katika Sheng naye ana ulimi ulio hai. Kumwaibisha yeyote kati ya hawa ni kumfunza kunyamaza, na aliyenyamaza haandiki.

Ni kosa, aidha, kudhani kwamba mzawa hahitaji kujifunza kuandika lugha yake. Ngũgĩ mwenyewe, aliyekuwa ameandika riwaya kadhaa kwa Kiingereza, ilimbidi kuitafuta upya njia ya kuandika riwaya alipogeukia Kikuyu. Alifanya hivyo kizuizini Kamiti, akiandika *Caitaani Mũtharabainĩ* kwenye karatasi za msalani, na riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 1980. Lugha ya mama alikuwa nayo. Nathari yake ya kiriwaya ilibidi iundwe, ubao kwa ubao.

Wino mwekundu

Je, kusahihisha kunasaidia? Mwaka 1996, John Truscott aliwashtua walimu wa uandishi wa lugha ya pili aliposhikilia kuwa kusahihisha sarufi katika insha hakuna faida, kunaweza hata kudhuru, na kwa hivyo kuachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kwamba hukumu hiyo ilitolewa mapema mno, na kwamba masahihisho yaliyo wazi, teule na yenye mpango yanaweza kumfaa mwanafunzi. Mjadala huo ulizaa tafiti nyingi.

Pande zote mbili zina ukweli ambao mwalimu yeyote wa Kiswahili ameushuhudia. Insha iliyojaa wino mwekundu kama machinjioni haimfunzi mtu. Mwanafunzi huitupia jicho alama ya juu, akaikunja karatasi, akaitia mkobani isionekane tena. Masahihisho yale, hata yangekuwa sahihi kiasi gani, yamekufa. Lakini karatasi hiyo hiyo, ikirudishwa ikiwa na alama tano au sita zilizoteuliwa, na mwanafunzi akajua kwamba ana juma moja la kuiandika upya kabla ya maki kutolewa, hugeuka somo. Kusahihisha pasi na kuandika upya ni kama daktari kumtajia mgonjwa ugonjwa wake akamwonyesha mlango.

Haifai, hata hivyo, kuwasifu wa ng’ambo kupita kiasi. Madarasa mengi ya Kihispania ya Marekani huendeshwa na wanafunzi wa uzamili na walimu wa kandarasi wanaolipwa kidogo. Wapo wanaofaulu katika uandishi na bado wanababaika wakipigiwa simu kwa lugha hiyo. Na lugha zimekuwa za kwanza kukatwa fedha zinapopungua: mwaka 2023, bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia iliidhinisha kufutwa kwa shahada zake zote za lugha za kigeni, kikabaki Kihispania na Kichina kufunzwa kwa kiwango kidogo. Funzo linalotafutwa hapa haliko katika utajiri wa vyuo hivyo. Liko katika mzunguko wa rasimu, alama na rasimu, ambao hauhitaji jengo wala mtambo.

Insha iliyozikwa

Sasa mwali urudi nyumbani. Kwa miaka mingi, karatasi ya Insha katika mtihani wa KCSE imemtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika arubaini na tano. Huandika, akakabidhi, karatasi ikatiwa bahashani, wala haioni tena maishani mwake. Hilo halina lawama, kwani mtihani ni mtihani. Lawama ipo pale ambapo miaka minne ya kujifunza kuandika hufanywa mazoezi ya saa hiyo moja na robo tatu. Mwanafunzi hukariri tashbihi, akaweka akiba ya methali za kufungulia na kufungia, akajifunza kwamba kuandika ni tendo la mara moja lisilo na marejeo.

Akiingia chuo kikuu, mambo hayabadiliki sana. Katika vyuo vingi vya Kenya, kozi ya stadi za mawasiliano anayoisoma mwaka wa kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Upande wa Kiswahili humngoja na fonolojia, mofolojia, sintaksia, isimujamii, ushairi na nadharia za uhakiki. Zote ni taaluma zenye thamani, na hakuna anayetaka zipunguzwe hadhi. Hata hivyo, mtu anaweza kuzichambua sentensi za wengine kwa miaka minne bila kulazimishwa hata mara moja kuiunda upya aya yake mwenyewe. Majaribio ya muhula huandikwa, hutolewa maki, huzikwa. Matokeo yake ni mhitimu anayeweza kuijadili Sarufi Geuzi na bado akatokwa jasho akiombwa aandike kumbukumbu za mkutano wa kijiji kwa Kiswahili kinachosomeka.

Na kumbukumbu hizo zinahitajika. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mnamo Novemba 2021, UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu 2022 siku hiyo imeadhimishwa kwa nyimbo, fulana na hotuba. Lakini lugha rasmi haisimami kwa fulana. Husimama kwa sheria zilizotafsiriwa vyema, ripoti za kaunti, maelekezo ya dawa, na vitabu vya sayansi. Nyaraka hizi zote huandikwa na mtu aliyefunzwa kuketi mbele ya sentensi mbovu asiikimbie.

Yanayowezekana

Idara za Kiswahili zinaweza kuanzisha kozi ya uandishi katika mwaka wa kwanza, kwa Kiswahili, isiyo ya nadharia. Insha nne zinatosha kwa muhula, mradi kila moja ipitie rasimu tatu. Ya kwanza iwe simulizi la nyumbani, kwa lugha iliyo karibu na ya nyumbani. Ya pili iwe maelezo ya kitu kinachofanya kazi: baiskeli, mzinga wa nyuki, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Ya tatu iwe ripoti, na ya nne hoja. Mhadhiri awe na alama chache za pembeni zinazojulikana na wote: moja ya upatanisho, moja ya njeo, moja ya tahajia, moja ya uakifishaji, moja ya sentensi iliyoandikwa kwa Kiswahili lakini ikafikiriwa kwa Kiingereza. Na maki yatolewe kwa umbali uliosafiriwa kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho.

Kutakuwa na pingamizi kwamba darasa lina wanafunzi mia mbili na mhadhiri ni mmoja. Pingamizi hili ni zito, wala halijibiwi kwa kejeli. Hata hivyo, si kila rasimu inayopaswa kusomwa na mhadhiri. Rasimu ya kwanza inaweza kusomwa na wenzake wawili, ambao hawatakiwi kusahihisha sarufi, bali kueleza ni wapi walipopotea. Ya pili inaweza kupitiwa na mwanafunzi wa uzamili. Ya tatu pekee ndiyo imfikie mhadhiri, na ikimfikia itakuwa haina tena makosa ya uvivu yanayomla macho leo.

Pingamizi la pili ni jipya. Tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022, mashine inaweza kuandika insha ya Kihispania isiyo na kosa la alama hata moja, na ya Kiswahili inayopita katika macho ya haraka. Wahadhiri wengi wa lugha wameshaanza kurudisha uandishi darasani, kwa mkono, mbele ya macho yao. Baadhi wanauliza kozi ya uandishi ina faida gani tena. Jibu limo katika yaliyokwisha kuelezwa. Laiti lengo la kozi lingekuwa kupata insha, mashine ingetosha. Lakini insha za mwaka wa kwanza hazihitajiwi na yeyote; hakuna gazeti linalozingoja. Kinachohitajiwa ni yule kijana aliyejiuliza ni wapi kisa chake kinapoanza kusogea. Mashine ikimwandikia, insha itapatikana na mwandishi atakosekana. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse cha mtambo.

Aidha, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havihitaji kusubiri seneti ya chuo ipitishe kozi. Vina majarida, na majarida yana wahariri. Mara nyingi makala ya mwanafunzi hukubaliwa yalivyo kwa kuwa ukurasa ni mtupu, au hutupwa kimyakimya kwa kuwa hayafai. Njia zote mbili humnyima mwandishi somo. Kamati ya uhariri ikijiwekea desturi ya kurudisha kila makala angalau mara moja, ikiwa na maswali matatu ya kweli yaliyoandikwa pembeni, itakuwa imefungua darasa la uandishi bila ada na bila ukumbi. Wengine watakasirika, na wachache hawatarudi. Watakaorudi wakiwa na rasimu ya pili ndio watakaokuwa wahariri, watafsiri na waandishi wa kesho.

Kujikwaa si kuanguka, bali kwenda mbele. Mwanafunzi wa Kihispania anayeipokea karatasi yake ikiwa na alama za njeo kila mstari amejikwaa mbele ya watu. Juma moja baadaye huileta tena, na nyanya yake wa kwenye karatasi ameanza kuimba akichochea chungu. Mwanafunzi wa Kiswahili anastahili kupewa juma hilo.